Silsila ya Mikono: Jinsi Upasuaji wa Kitako cha Fuvu Ulivyorithishwa

Mwaka 1956 daktari wa Kifaransa, Gérard Guiot, alifunga safari kwenda Edinburgh kumtazama Norman Dott akitoa uvimbe wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kwa kupitia puani. Njia hiyo ilikuwa imeandikwa vitabuni tangu mwanzo wa karne, ikiwa na michoro na maelezo yote, na hata hivyo karibu mabingwa wote wa ubongo wa Ulaya na Marekani walikuwa wameiacha. Dott hakuiacha. Alikuwa ameshawapasua wagonjwa 80 mfululizo bila kumpoteza hata mmoja, kwa kazi aliyojifunza Boston zaidi ya miaka 30 nyuma, akiwa kijana. Guiot aliyaona haya kwa macho yake, akarudi Paris, akaanza.

Wasomaji wa historia ya wanazuoni wa pwani yetu wanaijua namna ya kuhesabu elimu: fulani alisoma kwa fulani, naye alisoma kwa fulani, hadi juu. Upasuaji wa kitako cha fuvu unaeleweka vizuri zaidi kwa silsila ya namna hiyo kuliko kwa orodha ya vifaa vilivyovumbuliwa. Mafunzo ya ubingwa bobezi ya siku hizi, ambapo daktari aliyekwisha kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo hukaa tena mwaka mmoja au miwili chini ya mwalimu wake, ni silsila ile ile iliyowekewa kanuni, mitihani na vyeti.

Kitako cha fuvu ni mfupa ambao ubongo umekaa juu yake. Una mabonde matatu, la mbele likiwa juu na la nyuma likiwa chini, nao umetobolewa kila mahali. Katika matundu hayo hupita mishipa ya fahamu ya kuona, kusogeza macho, kusikia, kumeza na kuuchangamsha uso. Hupita mishipa mikubwa ya damu inayoulisha ubongo. Na katika tundu kubwa la nyuma, uti wa mgongo huanza safari yake. Uvimbe mwingi unaoota hapa si saratani. Hukua taratibu, ukikandamiza kilicho jirani mpaka mtu aanze kupoteza uwezo wa kuona au kusikia. Daktari akiufuata kutoka juu, itambidi ausogeze ubongo, na ubongo huumia ukisogezwa. Akiufuata kutoka chini au pembeni, anaingia katika pua na masikio, eneo la daktari mwingine kabisa. Tangu mwanzo kazi hii ilihitaji fani mbili, na fani hizo zilichukua miaka mingi kukubali kukaa chumba kimoja.

Hermann Schloffer wa Innsbruck ndiye aliyefungua njia ya puani, mwaka 1907, kwa kuikata pua pembeni na kuigeuza. Miaka mitatu baadaye Oskar Hirsch, daktari wa pua wa Vienna, alionyesha kwamba inawezekana kupita ndani ya tundu la pua bila kuukata uso. Harvey Cushing wa Marekani akaunganisha na kuboresha mbinu za waliomtangulia, na kati ya 1910 na 1925 aliwapasua kwa njia hiyo wagonjwa 231. Waliofariki walikuwa asilimia 5.6, zama ambazo antibiotiki hazikuwapo.

Kisha Cushing mwenyewe akageuka. Aliona kwamba kwa kufungua fuvu kutoka juu angeiona vizuri zaidi mishipa ya macho na kuondoa sehemu kubwa zaidi ya uvimbe. Ilikuwa hoja ya kitabibu, na kwa nyakati zake ilikuwa na uzito. Lakini Cushing ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa fani nzima, na alipoiacha njia ya puani, wanafunzi wake nao hawakuwa na mahali pa kuiona ikifanywa. Dott alikuwa Boston mwaka 1923 na 1924, wakati mwalimu bado anaitumia. Angechelewa miaka kumi, asingeikuta. Kwa maoni yangu hakuna jambo katika historia hii linalostahili kufikiriwa zaidi ya hilo: mbinu iliyochapishwa, iliyothibitishwa kwa mamia ya wagonjwa, ilinusurika kwa sababu watu wachache walifika kwa wakati na hawakuikatia tamaa. Mwingine kati ya hao alikuwa Hirsch, ambaye baada ya Wanazi kuitwaa Austria mwaka 1938 alihamia Boston na kuendelea na kazi yake huko.

Kutoka kwa Guiot silsila ikavuka bahari. Jules Hardy wa Montréal alisoma kwake Paris, akarudi Kanada na kuongeza hadubini ya upasuaji. Hapo uvimbe mdogo usiofika milimita 10 ukaweza kutolewa huku sehemu nzima ya tezi ikibaki salama. Madaktari wakaanza kumiminika Montréal kujifunza kwa Hardy, kama yeye alivyokwenda Paris.

Upande wa sikio, kazi ilifanyika Los Angeles. William House, aliyesomea udaktari wa meno kabla ya kuwa daktari wa masikio, alishika keekee na hadubini na kupita ndani ya mfupa wa sikio kuufikia uvimbe wa mshipa wa kusikia, akishirikiana na bingwa wa ubongo William Hitselberger. Naye Gazi Yaşargil, mzaliwa wa Uturuki, alikwenda Burlington, jimbo la Vermont, mwaka 1965 kujifunza kwa R. M. Peardon Donaghy namna ya kushona mishipa midogo ya damu chini ya hadubini. Aliporudi Zürich aliigeuza fani nzima, na chumba chake cha upasuaji kikawa darasa la dunia.

Mwalimu ninayempa nafasi ya pekee, hata hivyo, ni Albert Rhoton wa Chuo Kikuu cha Florida, Gainesville. Kwake wanafunzi wa ubobezi walitumia miaka katika maabara, wakifanya kazi juu ya vichwa vya maiti za watu waliojitolea miili yao kwa ajili ya elimu. Mishipa ya ateri ilijazwa rangi nyekundu na ya vena rangi ya buluu, kisha mwanafunzi akachimba mfupa chini ya hadubini, hatua kwa hatua, akipiga picha kila tabaka. Zaidi ya madaktari 100 kutoka nchi nyingi walipita hapo. Wengine walirudi makwao na kuanzisha maabara zao, kama Evandro de Oliveira alivyofanya São Paulo. Rhoton aliamini kwamba mkono ukosee kwanza pale ambapo hakuna anayeumia, na picha alizoziacha bado zinatazamwa na madaktari usiku wa kuamkia upasuaji mgumu.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya ujasiri mkubwa. Vinko Dolenc huko Ljubljana aliingia pango la vena lililo kando ya tezi ya pituitari, mahali ambapo wengi waliogopa kugusa kwa hofu ya damu. Takeshi Kawase wa Tokyo alifungua njia kupitia ncha ya mfupa wa sikio. Laligam Sekhar na Ossama Al-Mefty, nchini Marekani, waliunganisha njia za namna hizi kuwa fani kamili, na mwaka 1989 chama cha upasuaji wa kitako cha fuvu cha Amerika Kaskazini kikaundwa, kikiwaweka pamoja mabingwa wa ubongo na wa masikio, pua na koo. Ujasiri huo ulikuwa na gharama. Uvimbe uliweza kutolewa wote na mgonjwa akaamka akiwa na uso uliopooza au asiyeweza kumeza. Kadiri tiba ya mionzi iliyolengwa, aliyoianzisha Lars Leksell huko Stockholm, ilivyoenea, walimu wengi walianza kufundisha kuacha kipande kilichong'ang'ania mshipa wa fahamu na kukiachia mionzi. Mahali pa kusimama hapafundishiki kwa mchoro. Mwanafunzi hukaa pembeni ya mwalimu, kesi baada ya kesi, akiona mkono wake unaposita.

Endoskopu, fimbo nyembamba yenye lenzi na taa, Guiot aliijaribu mapema miaka ya 1960 akaiweka kando kwa sababu mwanga haukutosha. Ilirudi miaka ya 1990, hasa Pittsburgh, ambako bingwa wa ubongo na bingwa wa pua walianza kufanya kazi kwa mikono minne kupitia matundu mawili ya pua. Tatizo sugu lilikuwa maji ya ubongo kuvuja puani baada ya upasuaji. Jibu lilitoka Rosario, Argentina: Gustavo Hadad na Luis Bassagasteguy walichukua kipande cha ngozi laini ya ukuta wa kati wa pua, kikiwa bado na mshipa wake wa damu, wakazibia tundu. Mbinu hiyo ilichapishwa mwaka 2006, na leo hufundishwa popote penye ubobezi huu.

Kwetu, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kimekuwa kikitoa mabingwa wa ubongo waliosomea katika hospitali za ukanda huu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, katika miaka ya karibuni imekuwa ikitoa uvimbe wa pituitari kupitia puani. Na katika fani ya jirani, Mbale nchini Uganda imeshakuwa mwalimu: tiba ya watoto wenye kichwa maji kwa endoskopu, aliyoikuza Benjamin Warf akiwa hospitali ya CURE, imewafanya madaktari wa Amerika Kaskazini wasafiri kuja kujifunza.

Kinachonisumbua ni daktari anayepelekwa ng'ambo peke yake. Anarudi na cheti, lakini hana keekee ya kasi, hana endoskopu, wala hana bingwa wa pua aliyefunzwa kushika upande wa pili. Mwaka mmoja wa kazi ya mikono minne hauwezi kuendelezwa na mikono miwili. Nafasi za ufadhili zingetolewa kwa jozi, wa ubongo na wa pua kutoka hospitali moja, pamoja na bajeti ya maabara ndogo ya mifupa watakaporudi, hospitali hiyo ingeweza kupokea wanafunzi wake yenyewe.