Mihuri ya Nyuma ya Bahasha

Baba alikuwa haisomi barua kabla ya kuigeuza. Tulikuwa Zagayu, enzi hizo Bariadi ni wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja kuzaliwa mwaka 2012. Barua za kijiji zilipitia sanduku la shule, posta ya Bariadi mjini. Mwalimu akienda kufuata mshahara alirudi nazo kwenye keria ya baiskeli, zimefungwa kwa mpira. Wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbuga ukishaganda kwenye magurudumu, zilisubiri.

Barua moja ya baba mdogo ninaikumbuka vizuri, ya mwaka 1988. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika tangu 1977, na barua zilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu Tanzania. Juu ya karatasi baba mdogo aliandika 3 Machi. Muhuri wa Dar es Salaam, uliokanyaga stempu, ulisema tarehe 9. Nyuma ya bahasha palikuwa na muhuri wa duara wa Bariadi, wino umefifia, tarehe 21. Kwetu ilifika tarehe 25, na harusi tuliyoalikwa ilishapita. Mama akailaumu posta. Baba aliiinua bahasha kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu kwa vidole.

"Siku nne ni za matope. Kumi na mbili ni za njia. Sita za mwanzo ni za mfuko wa koti la mdogo wangu."

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa mwalimu, ofisi moja ilikataa maombi yangu ya masomo niliyotuma kwa barua pepe. Mwisho ulikuwa saa sita usiku. Nikaenda mwenyewe. Karani akanionyesha orodha ya barua zilizoingia: 10:12, yaani saa nne asubuhi, siku ya pili yake. Alipoifungua barua yangu, ndani ilisomeka 20:40 ya jana yake, saa mbili na dakika arobaini usiku.

"Lakini mwalimu, hii ya ndani inatoka kwenye kompyuta yako. Mtu anaweza kurudisha saa nyuma."

Alisema kweli. Tangu kanuni za mwaka 1982 zinazoitwa RFC 822, mstari wa tarehe huandikwa upande wa mtumaji, na betri ndogo ya kompyuta ikifa, barua inaweza kudai iliandikwa miaka iliyopita. Hiyo ndiyo tarehe ya juu ya karatasi. Ila kila seva inayoipokea barua hupiga muhuri wake juu ya uliotangulia, pamoja na tofauti na saa ya Greenwich. Kwetu ni +0300. Mwandishi hana mkono katika mihuri ya seva za mbele.

Nikamwomba afungue kichwa chote cha barua, panapokaa mihuri hiyo. Tukasoma kuanzia chini. Seva yao ya mlangoni: 20:41. Seva yao ya ndani, yenye kasha la ofisi: 10:12.

"Dada," nikamwambia, "usiku kucha ilikuwa kwenu."

Akakichapa kile kichwa, akaingia nacho kwa mkubwa wake.