Mkanda Ulitangulia Kituo: Historia Iliyo Kwenye Kabati la Sebuleni

Kama nyumbani kwenu Machame, Marangu au Kibosho bado kuna mikanda ya VHS kabatini, usiitupe kwanza. Huenda mna nakala ambayo hata kituo kilichorusha kipindi hicho hakina.

Huko Marekani televisheni ilitangulia, deki ikafuata. Vipindi vya vichekesho na muziki kama The Ed Sullivan Show na The Carol Burnett Show vilirushwa hewani kwanza, na miaka mingi baadaye vikauzwa kwa watazamaji kwenye VHS na DVD. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza. Deki zilikuwa zimeshaingia tangu miaka ya 1980. Yaani watu walizijua filamu za Kihindi na za karate kwenye vibanda vya video kabla hawajapata kituo chao wenyewe.

Kwa hiyo maigizo ya Kaole yalipoanza kutamba ITV, mwenye deki alijua cha kufanya: weka mkanda mtupu, bonyeza kitufe cha kurekodi. Ze Comedy ya EATV, ambayo kundi lake lilihamia TBC1 kama Ze Orijino Komedi, ilikuta tayari zama za diski zimeanza.

Sasa fungua kasha uone. Mkanda una upana wa milimita 12.7, na wa saa tatu una urefu wa takribani mita 250. Ni plastiki iliyopakwa chembe za oksidi ya chuma, ndugu wa kutu, zilizoshikwa na gundi. Picha inabeba taarifa nyingi kuliko sauti. Kichwa cha kusomea kingesimama tuli kama kwenye redio kaseti, mkanda ungelazimika kukimbia karibu mita 5 kwa sekunde, na ungeisha ndani ya dakika moja! Suluhisho ni ngoma iliyoinama, inayozunguka mara 25 kwa sekunde na kuchora mistari ya mshazari, huku mkanda wenyewe ukijivuta polepole.

Kwa nini nakala ya nyumbani ni muhimu? Kwa sababu mkanda unafutika na kurekodiwa upya, na vituo duniani vilifanya hivyo kuokoa fedha. BBC ilifuta vipindi vingi vya Doctor Who vya miaka ya 1960. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyopotea vimepatikana, kwenye filamu zilizokuwa zimebaki kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. London ilifuta, Afrika ikatunza.

Lakini mlimani kwetu kuna adui: unyevu. Ile gundi hunyonya maji na kuoza taratibu, na kuvu hupenda hewa yenye unyevu. Masika ya Machi hadi Mei, nyumba iliyozungukwa na migomba si mahali salama. Mjini Moshi chini kuna ukavu zaidi, ila joto nalo huharakisha uozo.

Ufanye nini? Simamisha mikanda wima, mbali na sakafu, ukuta wenye maji na spika. Ukiona utando mweupe, usiuweke kwenye deki: ni kuvu, itachafua vichwa na kuambukiza mikanda mingine. Mizima ihamishie kwenye kompyuta mapema, kwa sababu Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Kumbuka pia kutunza si kumiliki: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haikuruhusu kuuza kazi ya msanii kwa sababu tu uliirekodi.

Desemba hii ukipanda nyumbani, kabla ya kumsaidia bibi kusafisha kabati, soma kwanza maandishi ya kalamu kwenye kila kasha.