Vita vya Pombe Tumepigana Miaka Mia, Mgonjwa Bado Yuko Kwa Base

Mnaijua hiyo picha ya habari za saa moja. Chifu, askari wawili na kamera. Mapipa yanamwagwa mtoni, mama pima anapandishwa Land Rover, na mkubwa fulani anatangaza vita. Miezi miwili baadaye base ni ile ile, mama ni yule yule na wateja ni wale wale. Nimekaa nikafuatilia historia ya hivi vita, na maoni yangu ni haya: Kenya imepigana na chupa kwa karibu miaka mia moja, lakini ulevi kama ugonjwa hatujaugusa vya kutosha.

Kuna wasee husema ulevi uliletwa na mzungu. Hapana, pombe tulikuwa nayo. Muratina kule Mlima Kenya, busaa magharibi, mnazi Pwani. Tofauti ilikuwa masharti. Muratina ilikuwa ya wazee na ya shughuli, kama ruracio na maombi. Kuitengeneza kulichukua siku kadhaa, na kijana wa miaka ishirini hakuwa na kiti pale. Walevi hawakukosa, lakini kulewa kila asubuhi hakukuwa rahisi.

Halafu mkoloni akaja na sheria zake. Mwaka wa 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana huko Brussels kuzuia pombe kali isiuziwe Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Kenya Breweries ilianza mwaka wa 1922, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kununua hiyo bia ya chupa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Na hapa ndipo unafiki unaanza. Miaka hiyo hiyo ya 1920, baraza la Nairobi liliendesha kilabu chake cha pombe pale Pumwani. Mama aliyepika kwake alishikwa, huku baraza likiuza na kuweka faida. Kwa hivyo shida haikuwa kulewa. Shida ilikuwa nani anauza.

Uhuru ulikuja, mtindo ukabaki. Mwaka wa 1980 Bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Chang'aa iliisha? Wapi! Ilijificha. Na kitu kikijificha hakuna wa kukipima. Mpishi akitaka iwe kali haraka, au akitaka faida zaidi, anaongeza kemikali ya kiwandani inayoitwa methanoli. Ukiionja huwezi kuitofautisha na pombe ya kawaida, lakini ini likiivunja inageuka asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Ndiyo maana unasikia mtu alikunywa akiwa mzima, kesho yake haoni, keshokutwa hayuko.

Novemba 2000, pombe ya kumi kumi iliua zaidi ya watu 120 Nairobi, wengi wao mtaani Mukuru, na wengine wakapofuka. 2005 ikawa Machakos, karibu watu 50. 2010 serikali ikabadilisha mawazo: sheria mpya, ile tuliyoiita ya Mututho, ikaruhusu chang'aa iuzwe kwa leseni na kwenye chupa za kioo, na baa zikafungiwa saa. Mei 2014 pombe yenye methanoli ikaua tena zaidi ya watu 80, Embu, Kiambu na kwingineko. Mwaka wa 2015 kukawa na msako mkubwa eneo la Kati. Februari 2024, Kirinyaga, watu 17 wakafa. Na hii ya mwisho, manze, iliniuma: iliripotiwa kwamba ile pombe ilikuwa imeshanaswa kama ushahidi, ikatoka kituo cha polisi ikarudi kwa wateja.

Sasa jiulize. Baada ya vifo vyote hivyo, kwa nini mtu bado anakunywa kitu anachojua kinaweza kumuua? Jibu la mtaani ni "hana akili" ama "amerogwa". Jibu la daktari ni tofauti.

Pombe hutuliza ubongo. Ukinywa kila siku, ubongo nao hujirekebisha kwa kuongeza kasi, ili ubaki sawa. Kwanza unaona chupa mbili hazikushtui tena, unahitaji nne. Marafiki wanakusifu kwamba una kichwa ngumu, kumbe hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Halafu inakuja ile ya asubuhi, mikono inatetemeka, jasho, moyo mbio, na unaenda kutoa lock ndio utulie. Hapo hunywi tena kwa raha, unakunywa ili usiugue. Urithi una mchango mkubwa, karibu nusu ya hatari, ndiyo maana mnaweza kuanza keg pamoja hosteli, mwenzako akaacha akipata kazi na wewe ukashindwa. Nusu ile nyingine ni maisha: kukosa kazi, msongo, machungu ya utotoni, na pombe kuwa bei rahisi kuliko chakula cha mchana.

Na hii sehemu ushike vizuri. Mlevi sugu akikatiwa pombe ghafla, ule ubongo wenye kasi unabaki bila breki. Ndani ya siku mbili anaweza kupata kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo. Hali hiyo huua. Kwa hivyo ukimfungia mzae wako ndani "aache kwa lazima", ama msako ukifunga base zote siku moja, kuna watu wanawekwa hatarini na hakuna kamera inayowafuata.

Matibabu yapo, na si ya jana. Daktari wa Sweden, Magnus Huss, aliuelezea ulevi sugu kama ugonjwa mwaka wa 1849. Vikundi vya Alcoholics Anonymous vilianzia Marekani mwaka wa 1935, na leo hata Kenya vinakutana. Hospitalini mgonjwa hupewa dawa za kutuliza ubongo polepole pamoja na vitamini B1, kisha ushauri nasaha kwa miezi, na kuna dawa kama naltreksoni inayopunguza hamu. Wengi huanguka tena njiani, kama vile mwenye kisukari sukari inavyompanda tena. Hiyo haimaanishi matibabu yameshindwa. Anarudi kliniki.

Utafiti wa NACADA wa 2022 ulisema Mkenya mmoja kati ya 20 wa miaka 15 hadi 65 ana uraibu wa pombe. Darasani kwenu kulikuwa na wangapi? Piga hesabu. Watu hao wote hawatoshei kwenye Land Rover ya chifu.

Methanoli inaua, wanaoiuza washtakiwe, sipingi. Lakini mwanasiasa akikuja kwenu 2027 akiahidi kumaliza pombe haramu, muulize swali moja: kaunti hii ina vitanda vingapi vya kutibu walevi, na kulala pale ni pesa ngapi? Na kama kuna mtu kwenu anatetemeka asubuhi, usingoje kampeni. NACADA wana laini ya bure, 1192. Piga, hata kama mgonjwa si wewe.