Kutoka Akiba hadi Hifadhi: Historia ya Mvutano wa Mafao ya Wafanyakazi Afrika Mashariki

Utangulizi

Mnamo Desemba 2018, neno kikokotoo, ambalo kwa Watanzania wengi lilikuwa jina la kifaa cha kufanyia hesabu, liligeuka kuwa neno la siasa. Kanuni mpya za mafao zilielekeza kwamba mstaafu alipwe kwa mkupuo asilimia 25 ya stahili yake, na sehemu iliyobaki ilipwe kila mwezi kama pensheni. Watumishi wa umma waliozoea mkupuo wa asilimia 50 walilalamika, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais John Magufuli akasitisha kanuni hizo.

Mara nyingi mvutano huu huelezwa kama suala la hesabu. Makala haya yanadai kwamba chimbuko lake ni la kale zaidi na linahusu maana. Baada ya uhuru, mfanyakazi wa Tanganyika, Kenya na Uganda aliambiwa kwamba fedha inayokatwa katika mshahara wake ni akiba. Baadaye, sheria za Tanzania na Kenya ziliigeuza kuwa hifadhi. Maneno haya mawili hayajibu kwa namna moja swali la nani mwenye mali.

Posho na kiinua mgongo

Katika enzi ya ukoloni, stahili ya mfanyakazi nje ya mshahara ilijulikana zaidi kwa neno posho, yaani chakula alichopimiwa na mwajiri. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30, na mwajiri alitoa posho na mahali pa kulala kambini. Uzee haukuwa sehemu ya mapatano hayo. Nchini Kenya, Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ilibainisha kwamba mishahara ya Waafrika ilikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na familia, ikapendekeza mshahara unaoweza kutunza mke na watoto. Mfumo uliokuwapo ulichukulia kwamba mfanyakazi akichoka atarudi kijijini, na huko ndugu na shamba vitamlea.

Neno posho lilipata maana tofauti baadaye: nchini Uganda ni ugali wa mahindi, na nchini Tanzania ni malipo ya ziada ya mtumishi. Sambamba nalo, kiinua mgongo lilitaja malipo ya mkupuo mwishoni mwa utumishi. Istiari yake iko wazi: mgongo uliopindwa na kazi huinuliwa mara moja, kwa kiasi kinachotosha kujenga nyumba au kuanzisha biashara.

Zama za akiba

Tanganyika ilitunga sheria ya mfuko wa akiba wa taifa mwaka 1964, Kenya ikafuata mwaka 1965 na Uganda mwaka 1967. Utaratibu ulikuwa mwepesi kueleweka. Mwajiri na mfanyakazi walichangia, fedha ikaandikwa kwa jina la mchangiaji, ikaongezewa riba, naye akaichukua yote kwa pamoja alipotimiza masharti. Neno akiba lilifaa kabisa. Akiba ni kilichowekwa kando na mwenyewe kwa ajili ya siku yake, na methali husema akiba haiozi. Aliyeweka ndiye mwenye kuamua lini atakula.

Njia hii haikuwa ya eneo zima. Katika Kongo na Ruanda-Urundi, utawala wa Wabelgiji uliweka mfumo wa pensheni ya wafanyakazi mwaka 1956, yaani mafao ya kila mwezi tangu mwanzo. Nchi zilizotawaliwa na Waingereza ndizo zilizoanza na akiba kisha zikatafakari kuiacha.

Zama za hifadhi

Tanzania iliiacha kwa Sheria Na. 28 ya mwaka 1997, iliyounda Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mchango ulikuwa asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hakuruhusiwa kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Msingi wake ulikuwa bima: wachangiaji hubebana, na anayeishi muda mrefu hulipwa hata michango yake ikishakwisha. Neno hifadhi linabeba mantiki hiyo. Ni neno lile lile la hifadhi za wanyama, ambako anayelinda si anayelindwa, na mlinzi ndiye mwenye ufunguo wa lango.

Hata hivyo, mlango mmoja wa akiba ulibaki wazi, nao ni fao la kujitoa. Mwaka 2012 marekebisho ya sheria yaliufunga. Malalamiko makali yalitoka migodini, ambako ajira za mkataba hukoma mtu akiwa bado kijana, na serikali ikalazimika kulitazama suala hilo upya. Mwaka 2018 nafasi yake ilichukuliwa na fao la kukosa ajira, linalolipa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, na ambalo aliyeacha kazi kwa hiari hastahili. Sarufi inaonyesha uzito wa badiliko hili. Katika kujitoa, mfanyakazi ni mtenda. Kiambishi -ji- kinamweka yeye juu ya hatima yake. Katika kukosa, yeye ni mtu aliyefikwa na jambo.

Mwangwi kwa majirani

Kenya ilitunga sheria ya kuugeuza mfuko wake kuwa wa pensheni mwaka 2013. Mfanyakazi aliyekuwa akikatwa shilingi 200 kwa mwezi angekatwa asilimia 6 ya mapato yanayotozwa, na mwajiri kiasi kama hicho. Kesi ziliichelewesha hadi Februari 2023. Mwaka huo huo mswada wa fedha ulipendekeza mchango wa nyumba wa asilimia 3, ambao mchangiaji angeweza kurudishiwa baadaye. Uliporudi kama sheria, ulikuwa tozo ya asilimia 1.5 isiyorudishwa. Mchango ulikuwa umekuwa tozo kabla wino haujakauka.

Uganda ilibaki karibu zaidi na akiba. Marekebisho ya mwaka 2022 yalimruhusu mwanachama mwenye umri wa miaka 45, aliyechangia kwa miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake.

Hitimisho

Hoja za pande zote zina uzito. Watetezi wa hifadhi husema mkupuo huisha upesi, na mzee aliyefilisika huwa mzigo kwa watoto wake. Watetezi wa akiba hujibu kwamba mtu mzima aaminiwe na jasho lake, na kwamba pensheni ya uzeeni haimfai kijana asiye na kazi leo. Viwango vya Tanzania vimeendelea kuyumba kati ya hoja hizo: asilimia 33 kwa wote mwaka 2022, kisha, mwaka 2024, asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Kilichokosekana ni mazungumzo katika lugha ya mchangiaji. Sheria za mwaka 1997, 2012 na 2018 ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali zilijadiliwa bungeni kwa Kiswahili. Ni mwaka 2021 tu ambapo Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania. Wengi waliendelea kuielewa hifadhi kwa maana ya akiba, na tofauti wakaikuta dirishani, siku ya kudai. Dola inaweza kuwa na sababu njema za kuhama kutoka neno moja hadi jingine, lakini haiwezi kuhama peke yake, ikamwacha mwenye fedha katika neno la zamani, kisha ikashangaa anapoona ameporwa.