Ujira Usiolipwa: Kisa cha Mahjub bin Adam

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu msomaji, sisi wa Morogoro huitazama Milima ya Uluguru kila asubuhi, na wachache hukumbuka vita vilivyopita hapo. Tarehe 26 Agosti 1916 Waingereza waliuteka mji, na Wajerumani wakaizunguka milima hiyo kuelekea Kisaki. Wengi waliowabebea Wajerumani bunduki walikuwa Waafrika, wakiwemo Waislamu wenye asili ya Sudan. Wa mwanzo wao waliajiriwa Misri mwaka 1889 ili kuja kupigana na Bushiri bin Salim.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa Kisudani mwenye cheo cha efendi. Vita vilipoanza 1914, baba na mwana waliingia jeshini. Oktoba 1917 Mahjub alijeruhiwa Mahiwa, Lindi, akatekwa. Upande wa pili walikuwepo askari wa Nigeria, wengi wao Waislamu pia.

Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake. Serikali ikamjibu kuwa muda umepita. Akabaki ugenini, akawa mhudumu wa mkahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa Mjerumani mwaka 1933. Mwaka 1939 alijitolea tena kupigana, akakataliwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi, akafungwa Sachsenhausen, na humo akafariki tarehe 24 Novemba 1944.

Hapa pana mazingatio matatu. Kwanza, Mtume (s.a.w.) alimrudisha Ibn Umar siku ya Uhud akiwa na miaka 14, akamruhusu Khandaq akiwa na 15. Mahjub alikuwa na kumi tu. Pili, ujira ni deni, na deni halifi kwa kupita siku. Hubaki katika dhima ya mdaiwa. Tatu, ushujaa peke yake hautoshi: mtu hulipwa kwa nia yake, basi na ajiulize anamwaga damu kwa ajili ya nani.

Mwaka 2007 Berlin iliweka kijiwe chenye jina lake njiani. Kumbukumbu ni njema, lakini mshahara ulidaiwa akiwa hai.

Wallahu a'lam.