Makinikia ambayo hakuna aliyeyakusudia

Wadau, leo twende Alberta, Kanada, bonde la mto Athabasca, ambako mchanga umeshikana na lami tangu enzi na enzi. Karl Clark alihangaika nao kuanzia miaka ya 1920: ukiuchanganya na maji ya moto na kostiki soda, lami inajitenga na kuelea kama povu. Alifariki Desemba 1966. Kiwanda kikubwa cha kwanza, Great Canadian Oil Sands, kilizinduliwa Septemba 1967. Hakukiona.

Habari nyingi za mafuta haya huishia hapo. Mimi kilichonivuta ni kinachotupwa. Mchanga ule una chembe za madini mazito: zirkoni ya kutengenezea vigae, pamoja na ilmenaiti na rutili zinazotoa titani ya rangi nyeupe. Kwenye mchanga wenyewe ni haba mno. Ila chembe hizo zimepakwa lami, kwa hiyo hung'ang'ania povu na kupanda nalo. Povu likisafishwa kwa nafta zinabaki nyuma, zikiwa zimerundikana. Yaani kiwanda cha mafuta kimetengeneza makinikia bila kukusudia, halafu kikayamwaga bwawani!

Hapo sasa thamani inategemea umechota wapi. Chota kwenye rundo kubwa la mchanga uliooshwa, utapata karibu kwatzi tupu. Chota kwenye masalia ya povu, macho yatakutoka. Sisi tuliobishana mwaka 2017 kuhusu makontena ya makinikia bandarini Dar tunajua hesabu za mzigo mmoja zinavyoweza kupishana. Tena namba ya maabara si fedha mkononi, maana lami ile lazima iondolewe kwanza kwenye kila chembe. Kampuni ya Titanium Corporation ilipambana na hilo kwa miaka, ikaweka hadi mitambo ya majaribio. Wakati huohuo, Kwale kwa majirani zetu Kenya, watu walihamishwa kupisha mgodi wa madini yaleyale, uliofungwa Desemba 2024. Athabasca yameshachimbwa tayari, yanatupwa.

Binafsi bei ya zirkoni hainishtui sana. Masalia hayohayo hubeba nafta iliyobaki, na vijidudu vya bwawani huigeuza kuwa gesi ya methani. Ukiyasafisha ili upate madini, unaiokoa na nafta. Hesabu hiyo ndiyo ningependa kuiona imewekwa mezani, pamoja na watu wa Fort Chipewyan, walio chini ya mto, ambao kwa miaka wamekuwa wakilalamikia maji yao.