Noeli kwenye mlima wa theluji: ilianzaje, na sisi tuko wapi?



Kila mwaka mwezi wa kumi na mbili ukiingia, simu zetu zinajaa picha za ndugu waliopelekwa nchi ya tatu. Wako Kanada, wako Marekani, wako Norwei. Wamevaa makoti makubwa, nyuma yao mlima mweupe, watu wanateleza kwa ski, na hoteli ya mbao inawaka taa za Noeli. Picha ni nzuri, hatukatai. Ila hapa kambini kuna neno linatusumbua: "Noeli ya kweli ni ile ya kule. Sisi hapa tunangoja tu." Hata watoto wa miaka kumi wanalisema. Ndiyo sababu tumeona tuandike kidogo historia ya hiyo Noeli ya theluji. Ilianza lini, na ni nani aliyeianzisha?

Kwanza tuseme wazi: kwa watu waliozaliwa kwenye theluji, theluji haikuwa sikukuu. Chukueni Uswisi, jimbo la Graubünden, ambako leo matajiri wa dunia wanakwenda kula Noeli. Zamani huko baridi ikifika, watu walifungiwa ndani miezi mingi, na chakula kilikuwa kidogo. Familia maskini za milima hiyo, na za Austria jirani, zilikuwa zinatuma watoto wao kila mwaka kwenda kusini mwa Ujerumani, eneo la Swabia. Watoto walivuka milima kwa miguu wakati theluji bado haijaisha. Walipofika, walisimamishwa sokoni, wakulima wakaja kuwachagua wakawachungie ng'ombe. Walirudi nyumbani baridi ilipokaribia, wakiwa na viatu vipya na pesa kidogo. Historia inawaita "watoto wa Swabia", na mambo hayo yaliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kumbe hata watoto wa mlima ule mweupe walijua maana ya kuondoka kwao kwa ajili ya chakula!

Sasa ile sikukuu ilitoka wapi? Inasimuliwa kwamba mwaka 1864, mwenye hoteli mmoja wa St. Moritz, Johannes Badrutt, aliwaambia wageni wake Waingereza waliozoea kuja wakati wa joto tu: rudini wakati wa baridi, na msipofurahi nitawalipia safari. Wakaja Noeli, wakakaa mpaka Pasaka. Kuanzia hapo biashara ya hoteli za baridi ikashika moto. Mwanzoni wageni walikuwa wanateleza kwenye barafu na kupanda sleji. Ski zenyewe zilitoka kwa watu wa Norwei na majirani zao wa kaskazini, ambao tangu kale walizitumia kusafiri na kuwinda. Milima ya Alpi ilizipokea kama mchezo mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1924 Ufaransa ikapokea Olimpiki ya kwanza ya baridi, mjini Chamonix.

Yaani hii Noeli tunayoiona kwenye picha ina miaka kama 160 hivi. Ililetwa na treni, hoteli na pesa za wageni. Bethlehemu haimo kabisa.

Jambo la pili: sisi watu wa Afrika ya Mashariki theluji si ngeni kwetu. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliuita "baridi" tu. Rebmann akaelewa kwamba ni theluji, akaandika Ulaya. Wakuu wa jiografia kule London walimkatalia kwa miaka: eti theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta! Lakini wenyeji wa mlima walikuwa wanaiona kila asubuhi toka zamani. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na ski zao, wakateremka nazo. Na upande wetu kuna Rwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, yenye kilele cha Margherita, mita 5,109.

Mtatuuliza: basi juu ya nini hakuna hoteli za ski huko? Kwa sababu karibu na ikweta hakuna majira ya baridi. Theluji inakaa juu sana tu, karibu na mita 5,000, mahali ambapo hewa ni nyepesi na mtu akitembea hatua kumi anapumzika. Lesotho wako na kituo cha ski kinaitwa Afriski, lakini baridi yao ni mwezi wa sita hadi wa nane. Noeli ikifika, kule ni jua. Na barafu yetu yenyewe inakwisha: Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912, na mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu za milima ya Afrika zilizo kwenye orodha yake ya urithi wa dunia zinaweza kuisha kufikia 2050.

Jambo la tatu ndilo hasa tunalotaka vijana walishike. Noeli ya mlimani, bila theluji, tunayo, na si ya jana. Hapa hapa Rusizi, Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Mibirizi Desemba 1903, siku chache kabla ya Noeli. Hesabuni: kutoka Noeli ya hoteli ya St. Moritz mpaka Noeli ya kwanza ya Mibirizi ni miaka 39 tu. Baadaye Wabelgiji wakaja, wakaipenda hewa ya ziwa Kivu, ambalo lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, wakaiita nchi hii Uswisi ya Afrika. Wakajenga nyumba nzuri kwenye rasi za Bukavu. Baridi ya milima yetu waliitafuta kama raha, na wazee wetu ndio waliowajengea. Ule mtindo wa kubandika pamba kwenye mti wa Noeli, kama theluji, na wenyewe ni wa kuja. Sisi tumekua tukiibandika bila kujiuliza inaigiza nini.

Mkitaka Noeli kubwa ya mlimani, tazameni Moshi, Tanzania, chini ya theluji yenyewe. Kila Desemba Wachaga wanaacha biashara zao Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, wanapanda kurudi kijijini. Mabasi yanajaa mpaka watu wanakosa tiketi. Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam mpaka Moshi ilirudi baada ya zaidi ya miaka 20, ikasaidia. Wakifika wanachinja mbuzi, wanakunywa mbege, wanakaa kwenye kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, ambapo babu zao wamezikwa. Kesi za familia zinaamuliwa siku hizo, na wachumba wanatambulishwa. Theluji iko pale juu ya vichwa vyao, na hakuna anayeshughulika nayo. Wamepanda mlima kwa sababu kuna mtu anawangoja.

Hapo ndipo panapotuuma sisi, tuseme ukweli. Bukavu tunaiona kwa macho kutoka Kamembe, usiku hata taa zake tunaziona, lakini kupanda kwetu kwa Noeli hatuwezi. Mlima tuliokatazwa ni ule wa nyumbani, na hakuna hoteli ya theluji itakayojaza nafasi hiyo. Ndugu zetu walioko kwenye picha nao wanalijua. Wakipiga simu usiku wa Noeli, hawatuelezi habari za ski. Wanauliza: mmepika nini? Mama yuko? Mmeimba?

Basi tusiseme tena mbele ya watoto kwamba hapa tunangoja tu. Mtoto aliyezaliwa kambini, miaka yake ya kambini ndiyo utoto wake, hatapewa mwingine. Noeli hii kila kijana amtafute mzee mmoja, amuulize Noeli ilikuwaje kwenye vilima vyao, Kabare, Walungu, Mwenga, Minembwe, popote: watu walitoka wapi, walitembea saa ngapi kufika kanisani, walikula nini, nani alikuwa anawangoja. Aandike jina la kilima na mwaka. Tutayakusanya yote kabla ya Bonane na kuyasoma mbele ya watoto.